Tupo Nyumbani

Kila aliporudi kutoka sokoni, Mama Vifungo hakuingia ndani moja kwa moja. Alisimama mlangoni, akaweka kikapu chini, akaitoa simu kwenye mfuko wa gauni na kuisubiri ishike waifai ya nyumbani. Wapita njia walidhani anapumzisha mkono. Haikuchukua muda. Simu ilitetema kidogo kiganjani, na maneno mawili yakatokea juu ya kioo: Tupo Nyumbani. Hapo ndipo alipotia ufunguo na kufungua, na ndani hamkuwa na mtu.

Jina hilo alilitoa mumewe. Alikuwa karani wa posta, mpanga barua, miaka thelathini na miwili akizigawa barua za watu kwenye vijisanduku vyao bila kupoteza hata moja. Mtu wa maneno machache. Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno. Alikuwa fundi cherehani, akishonea chumba cha mbele. Mguu wake ulikanyaga cherehani na mdomo nao haukulala: nani kaleta kitambaa, nani kanenepa, nani kaolewa akaacha suruali ya watu bila pindo. Mumewe alikaa kwenye kiti cha kamba kando ya dirisha akasikiliza yote, na mwisho wa habari alitikisa kichwa na kusema, "Haya, chiriku wangu." Hakumwita hivyo mbele za watu. Kama alimhitaji wakiwa peke yao, aliita tu kutoka chumbani, "Chiriku," naye aliitika, "Abee," hata kama sindano ilikuwa mdomoni.

Alipostaafu, mzee alinunua kile kisanduku cha intaneti ambacho mafundi wanakiita ruta, apate kusikiliza redio za mbali. Alikaa nacho kutwa, amevaa miwani juu ya miwani, akisoma kijitabu cha maelekezo kama mtu anayesoma barua ya serikali. Alipomaliza alimwonyesha mkewe jina alilolichagua, Tupo Nyumbani, kisha akamwonyesha na neno la siri. Lilikuwa chirikuwangu, limeunganishwa pamoja. Mkewe alimpiga bega kwa futi ya kupimia. Mzee akacheka kwa namna yake, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe. Kijana wao mmoja alikuwa nchi za mbali na alipiga simu Jumapili, simu fupi za mtu mwenye kazi. Wateja waliendelea kuja, lakini Mama Vifungo aliwapima kimyakimya na kuwaambia siku ya kuja kuchukua, basi. Watoto wa mtaa bado walipewa kifungo kimoja kimoja kutoka kwenye chupa kubwa ya mezani, ndiyo maana akaitwa jina hilo. Mgeni akiomba waifai, aliichukua simu ya mgeni, akageukia ukutani na kuliandika neno mwenyewe, kisha akairudisha. Hakuna aliyewahi kuambiwa. Alijua ni jambo dogo. Lakini duniani hakukuwa tena na mtu wa kumwita hivyo, na neno lile lilikuwa limebaki pale tu, ndani ya kisanduku.

Na kulikuwa na simu ya marehemu. Ilikaa rafuni kando ya kikombe chake, imechomekwa kwenye chaja. Ilifungwa kwa alama ya kuchora kwa kidole ambayo mzee hakumwonyesha mtu, na mkewe hakuwahi kumwuliza. Hakuweza kuifungua. Lakini kila asubuhi saa moja ililia. Wazee wenzake wa posta walikuwa na kundi lao la salamu, nao walisabahiana kila siku: mmoja kaamkaje, mwingine goti linamsumbuaje. Walikuwa wamebaki sita, na katika hao sita hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitoa jina la mwenzao kwenye kundi. Kwa hiyo salamu zilimfikia. Mama Vifungo alikuwa akinywa chai yake huku simu ile ikilia mara tatu, mara nne, naye akajisemea moyoni kwamba barua za karani zimefika.

Ng'ambo ya kichochoro, hatua kama arobaini kutoka mlangoni kwake, palikuwa na jengo la ghorofa tatu lenye kuta nene. Ghorofa ya pili aliishi Dereva na mkewe. Dereva alikuwa ameendesha malori maisha yake yote na alikuwa rafiki wa karani, mwenzake wa kucheza drafti. Mkewe aliitwa na wote Mwalimu, maana alifundisha darasa la kwanza mpaka nywele zikawa nyeupe, na nusu ya mtaa ilijua kusoma kwa sababu yake. Miezi minane nyuma Mwalimu alipatwa na kiharusi. Mguu na mkono wa kulia ikawa mizito, na maneno yakampotea. Akili ilikuwa palepale. Alielewa kila kitu na alijua anataka kusema nini, ila akifungua mdomo neno halikuja.

Hospitali ilimpangia mtaalamu wa kufundisha watu kuongea upya. Mtaalamu alikaa mji mwingine, akafundisha kwa video, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne asubuhi. Lakini ndani ya zile kuta nene simu ilishika mtandao kwa kusuasua, picha ikaganda na sauti ikakatika katikati ya neno. Kwa mtu anayejifunza neno, hiyo ni adhabu. Basi siku hizo tatu Dereva na mwenye duka la chini walimbeba Mwalimu juu ya kiti, wakashuka naye ngazi ishirini na mbili, wakavuka kichochoro na kumleta sebuleni kwa Mama Vifungo.

Mama Vifungo alisogeza meza, akasimamisha cherehani ili isipige kelele, akaegemea mlango wa jikoni. Kutoka pale alimsikia Mwalimu akihangaika. Ma. Ma. Maji. Mtaalamu aliagiza kila kitu nyumbani kwao kibandikwe karatasi yenye jina lake, Mwalimu awe anayasoma kwa sauti kila asubuhi. Mama Vifungo akakata vipande vya karatasi ngumu ya kuchorea ramani za nguo, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa mviringo: mlango, kiti, dirisha, kabati, kioo. Dereva akavibandika nyumba nzima. Alisema sasa akitafuta sukari anahisi yuko dukani.

Baada ya somo walikunywa chai. Mama Vifungo alitoa vikombe vitatu. Hakusema mengi hata siku hizo, lakini kulikuwa na watu wa kumiminia, na chumba kilipata joto.

Jumatano moja mvua ilinyesha tangu alfajiri na ngazi zikalowa. Kwenye ngazi ya tisa mwenye duka aliteleza, kiti kikalala upande, na bega la Mwalimu likagonga ukuta. Hakuanguka. Walimshika. Lakini alipofikishwa sebuleni alikuwa anatetemeka, na saa nzima hakutoa hata neno moja, hata maji. Mtaalamu alimsubiri kwa upole mpaka muda ukaisha. Dereva alikuwa amepiga magoti, anafuta matope kwenye ndara za mkewe kwa kitambaa chake mwenyewe cha mfukoni, polepole, kidole kwa kidole, kama vile hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani.

Mama Vifungo alimtazama, akasema, "Shemeji, mwanamke huyu asishushwe tena. Hii intaneti ndiyo ipande huko."

Dereva alianza kusema kwamba hawataki kumsumbua. Akamkatiza, akasema amekwishaamua. Ni baada ya wao kuondoka, alipokuwa anaosha vile vikombe, ndipo alipoelewa kwamba intaneti ikipanda kule, hawatakuwa na sababu ya kushuka huku. Aliosha kikombe cha tatu mara mbili, akakiweka kabatini.

Fundi wa mitandao alikuja Jumanne. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye ngazi begani na mkanda wa zana kiunoni, mcheshi, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alieleza kazi yake kwa utaratibu, asimfanye mwenzake ajione mjinga. Angefunga kisahani kimoja kwenye nguzo fupi juu ya ukuta wa Mama Vifungo, na kingine kwenye roshani ya Dereva, vitazamane kama watu wawili wanaozungumza. Hiki kitachukua waifai ya nyumba hii, kitairusha ng'ambo, na kile kitaipokea na kuimwaga ndani. Sharti moja tu, katikati pasiwe na kitu. Kamba ya nguo ilikuwa palepale katikati, na siku hiyo ilikuwa na shuka tatu.

"Shuka mbichi inakunywa mawimbi, mama," fundi alisema. "Ukianika hapa, Mwalimu kule anakatika."

Mama Vifungo akazianua shuka zikiwa bado na maji na kuihamishia kamba nyuma ya nyumba, ambako jua lilifika saa mbili tu kwa siku. Hakulalamika.

Vyote vilipofungwa, fundi akashuka, akafungua kompyuta yake ndogo mezani, akauliza neno la siri la waifai.

Mama Vifungo alikuwa ameshika mkebe wa pini. Aliwaza kuichukua ile kompyuta na kugeukia nayo ukutani, lakini ilikuwa na waya na haikuwa simu. Dereva naye alikuwa amesimama mlangoni, anangoja. Uso wake ulipata joto kama wa msichana. Mwanamke wa miaka sitini na nane, ataanza kutamka mbele ya watu kwamba yeye ni chiriku wa nani.

"Silijui," alisema. "Marehemu ndiye aliyeweka."

Fundi hakuona tabu. Alisema hilo si tatizo, hutokea kila siku, watarudisha kisanduku kilivyotoka dukani kisha waanze upya. Kulikuwa na kitobo kidogo nyuma yake. Alijipapasa mkanda mzima.

"Mama, una pini hapo?"

Pini alikuwa nazo mkebe mzima. Alichagua moja iliyonyooka na kumpa. Fundi akaitia kwenye kitobo, akabana kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, na taa za kisanduku zikazima zote, zikawaka tena moja baada ya moja. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Akaandika neno jipya kwenye karatasi, namba nane, akampa kila mtu nakala. Akaaga haraka, alikuwa na kazi nyingine, na saruji ya nguzo ilihitaji siku tatu kukauka. Angerudi Ijumaa kukaza skrubu.

Dakika kumi baadaye Dereva alitokea roshanini kwake na kupunga mikono yote miwili. Imeshika. Picha haigandi. Mama Vifungo alipunga naye, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Alikwenda dukani kununua uzi. Aliporudi alisimama mlangoni, akaweka kikapu chini, akasubiri. Simu haikutetema. Akaitazama. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya waifai za jirani na jirani, na moja mpya, yenye nguvu kuliko zote, iliyoitwa herufi nne na tarakimu sita. Tupo Nyumbani halikuwepo. Akaingia, akamaliza koti la mteja, akalala. Alidhani kesho litarudi.

Asubuhi yake saa moja alikaa na chai. Saa moja na robo alidhani wazee wamechelewa kuamka. Saa moja na nusu aliinuka, akaichukua simu ya marehemu rafuni. Ilikuwa ina chaji, imejaa. Ila ile alama ndogo ya waifai juu pembeni haikuwepo. Akasimama nayo katikati ya chumba, na ndipo alipoelewa ile pini ilikuwa imefanya nini. Kisanduku kilikuwa kimesahau kila kitu. Na ile simu, iliyofungwa, isiyoweza kuambiwa namba mpya na mtu yeyote, ilikuwa imebaki nje ya mlango.

Ilipofika saa nne, mguu wake ulisimamisha cherehani wenyewe, kwa mazoea. Akakaa hivyo hivyo, mikono juu ya kitambaa. Ng'ambo aliwaona kupitia dirishani, Mwalimu kwenye kiti chake karibu na roshani, nywele zimechanwa, Dereva kando yake ameshika simu. Hakuna aliyelowa, hakuna aliyetetemeka. Aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akagundua kwamba ametoa vikombe vitatu.

Alhamisi Dereva aliita kutoka juu kumwambia kwamba jana Mwalimu amesema dirisha, lote, mpaka mwisho, na kwamba chai ya kwao si mbaya, apande. Mama Vifungo alijibu kwamba ana nguo nyingi za watu. Hakuwa na nguo nyingi. Alikuwa na koti moja, nalo lilishakwisha. Lakini aliogopa kupanda zile ngazi akiwa mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Awali wao walikuwa na shida na yeye alikuwa na kitu cha kuwapa. Sasa angekwenda na nini mkononi?

Siku hiyo nzima, akihesabu baadaye, alikuwa amesema sentensi tatu, zote na wateja.

Ijumaa asubuhi fundi alikuja kama alivyoahidi. Alipanda, akakaza, akagonga nguzo kwa ngumi, akashuka ameridhika. Mama Vifungo alimpa maji ya kunywa, akamngoja amalize glasi, kisha akaleta ile simu kutoka rafuni na kuiweka mezani baina yao. Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele: wazee wa posta, saa moja, alama ya kidole, jina lililopotea.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa kompyuta yake.

"Jina naweza kulirudisha sasa hivi, mama. Lakini simu hii haitaingia kwa jina peke yake. Inataka na neno la siri lilelile la zamani. Likiwa lilelile, hata hujaigusa itaingia yenyewe, itadhani hakuna kilichotokea." Akasita. "Sasa neno lenyewe alilijua nani?"

"Yeye," alisema Mama Vifungo. Akainyoosha ncha ya kitambaa cha meza. "Na mimi."

Fundi alimtazama, akaitazama na simu. Hangekosea kama angemwambia kwamba yote haya yangeepukika, kwamba siku ile angelitaja neno, kisanduku kisingeguswa. Hakusema hivyo. Aliigeuza kompyuta imwelekee Mama Vifungo, akainuka, akasimama uso ukutani, akawa anaitazama kalenda ya mwaka wa juzi.

"Andika wewe, mama. Mimi nasoma kalenda."

Mama Vifungo aliuona mgongo ule na shati lenye vumbi la saruji. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akiwageukia wageni wake, miaka yote hii.

Fundi akaendelea kusema na ukuta kwamba kuna jambo moja la kuamua. Kama anataka, kisanduku kinaweza kubeba majina mawili. Tupo Nyumbani libaki lake na la simu ile tu, na hakuna atakayelijua neno lake mpaka mwisho wa dunia. Wale wa ng'ambo wabaki na zile herufi na namba zao, itawafaa vilevile. Ama liwe jina moja huku na kule, na neno moja. Ila hapo Dereva itabidi apewe hilo neno, maana siku akibadilisha simu atalihitaji.

Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa ndiyo hasa aliyoitaka juzi, na kama angeijua juzi angeirukia. Mama Vifungo alivitazama vikombe vitatu, ambavyo alikuwa hajavirudisha kabatini. Aliwaza mtandao wake mwenyewe, wenye jina lake mwenyewe, umefungwa na neno asilolijua mtu. Ungesema Tupo Nyumbani kila siku, na kila siku angekuwa yeye na simu isiyofunguka. Mzee wake hakuandika Nipo. Aliandika Tupo.

"Liwe moja," alisema.

"Una hakika?"

"Geuka tu, mwanangu. Andika wewe. Ni chirikuwangu. Pamoja, bila nafasi katikati."

Aliposikia sauti yake ikilitamka aliinamisha macho. Fundi hakucheka. Aliandika, akasema polepole, kama mtu anayezungumza na kompyuta, kwamba yeye kwao aliitwa Kifaranga na baba yake, na kwamba alikuwa amesahau, alikuwa hajakumbuka jambo hilo kwa miaka.

Taa za kisanduku zikazima, zikawaka. Wakakaa wote wawili wakiitazama simu ya marehemu juu ya meza. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha pembeni juu ikatokea ile alama ndogo, na simu ikalia. Ikalia tena. Salamu za Jumatano, za Alhamisi na za asubuhi ile ziliingia kwa mpigo, wazee sita mara siku tatu, simu ikitetema hadi ikaanza kutembea juu ya kitambaa cha meza kuelekea ukingoni, na Mama Vifungo akaidaka kwa mikono miwili na kuiweka kifuani.

Fundi alikuwa anavuka kwenda kwa Dereva kumaliza upande wa kule. Mama Vifungo alikata kipande cha karatasi ngumu, akaandika juu yake neno la siri kwa mwandiko wake mkubwa wa mviringo, akampa apeleke. Kisha akafunga mlango, maana ingawa alikuwa ameamua, aibu ilikuwa palepale.

Jumamosi hakutokeza. Jumapili kijana wake alipiga, wakaongea dakika nne. Jumatatu saa nne alisimamisha cherehani, akasikiliza ukimya, akaikanyaga tena. Saa tano alitoka mlangoni kukung'uta vipande vya nyuzi kwenye gauni.

Ng'ambo, juu, Mwalimu alikuwa amekalishwa roshanini. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika chuma cha roshani, na mdomo ulikuwa unafanya kazi. Mama Vifungo aliujua uso ule, uso wa mtu anayeinua kitu kizito. Akabaki amesimama, kwa adabu, kama alivyozoea kusimama kwenye mlango wa jikoni.

"Chi," alisema Mwalimu. Akapumua. "Ri." Akapumua tena, akaliweka la mwisho kwa uangalifu kama mtu anayetua kikombe kilichojaa. "Ku."

"Abee," aliitika Mama Vifungo.

Ilimtoka kabla hajafikiri, kwa sauti ileile ya zamani, ya kutoka chumba kimoja hadi kingine. Akaziba mdomo kwa mkono.

Mwalimu alikuwa ameanza kucheka kwa upande mmoja wa uso, upande uliokuwa ukimtii. Aliinua vidole na kuvikunja kuelekea kwake, mara mbili. Njoo.

Mama Vifungo aliingia ndani kutafuta kitu cha kubeba. Aliitazama chupa ya vifungo, akautazama mkebe wa pini, akaviacha vyote. Alivuka kichochoro mikono mitupu. Alipanda ngazi ishirini na mbili akishikilia ukuta, na kwenye ngazi ya tisa aliona alama ya bega la Mwalimu bado ipo kwenye chokaa.

Kule ndani karatasi zake zilikuwa kila mahali. Mlango, kiti, kabati, kioo. Na chini ya kisanduku kipya kilichofungwa na fundi, Dereva alikuwa amebandika kile kipande cha mwisho pamoja na vingine, kwa gundi ileile, sawasawa kabisa. Dereva alijitetea. Alisema ameletewa karatasi yenye mwandiko uleule, akaibandika kama alivyozibandika zote, na asubuhi mkewe akaisoma kama alivyozisoma zote. Akamwuliza mumewe kwa macho, hii ni nani? Naye akamwambia.

"Ulijuaje ni mimi?" Mama Vifungo aliuliza.

Dereva alijikuna shingo. "Shemeji, sisi tunajua tangu zamani. Karani akiona anakaribia kushindwa drafti, anaaga. Ngoja nirudi kwa chiriku wangu. Kila siku." Akasogeza kiti. "Tulinyamaza tu. Tulijua ungeona haya."

Mama Vifungo alikaa. Simu ikatetema kwenye mfuko wa gauni, naye akaitoa kwa mazoea. Tupo Nyumbani, ilisema, ndani ya kuta za watu. Aliisoma mara moja, akairudisha mfukoni. Mwalimu alikuwa amemshika mkono kwa ule mkono wake mzima, na hakuuachia hadi chai ilipokwisha.

Alirudi kwake alasiri. Mlangoni hakusimama, alitia ufunguo, akaingia. Chumba kilikuwa vilevile, kiti cha kamba kando ya dirisha, kikombe rafuni, simu kwenye chaja. Alivua ndara, akakaa kwenye cherehani. Kimya kilimkalia mabegani kama siku zote.

"Nimerudi," alisema kwa sauti.

Hakuna aliyeitika, wala hakutegemea. Akapitisha uzi kwenye tundu la sindano, mara ya tatu ukapita. Akaanza kukanyaga, polepole, na macho yakiwa juu ya mshono akaanza kukisimulia kiti kile cha kamba yote tangu mwanzo: mvua, na ngazi ya tisa, na matope kwenye ndara za Mwalimu, na namna fundi alivyosoma kalenda ya mwaka wa juzi. Hakuacha kitu.